Namba Iliyo Ubavuni mwa Boksi

Jina la Malakia latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya raia. Katika miji ya kambi ya Sudan ya zamani, palikuwa na boma la askari, na kando yake mtaa walimokaa wake, watoto na wastaafu. Malakia yetu ya Juba imepanuka, na soko la Konyo Konyo limeijaza bidhaa za kila namna, lakini familia za askari zingali zinanunua huko, na vipuri vya pikipiki na jenereta ni miongoni mwa vitu vinavyomaliza mshahara upesi.

Mnunuzi wa kipuri aghalabu hana jina la kitu anachokitaka. Hukitoa mfukoni kile kilichovunjika, kimeviringwa katika kitambaa chenye mafuta. Mmoja hukitaja kwa Kiarabu cha Juba, wa pili kwa Kiswahili cha Mombasa, wa tatu kwa neno la Kiingereza alilolisikia kwa fundi wa Kampala. Muuza duka hukipima kwa jicho, kisha hushusha boksi lililosafiri kutoka Mombasa, likapita Kampala na Gulu, likavuka mpaka Nimule. Ubavuni mwa boksi hilo pana namba ndogo ambayo wengi wetu hatuisomi. Nataka tuisome leo.

Namba hiyo huzaliwa kiwandani, katika chumba cha wachoraji. Mhandisi anapochora mashine hutengeneza pia orodha ya vipande vyake vyote, na kila kipande hupewa namba yake. Lakini kiwanda hakina chumba kimoja. Iko ofisi ya ununuzi, iko bohari, iko karakana ya kuunganisha, iko ofisi ya mauzo, na kila moja ina daftari lake, ambalo siku hizi limo ndani ya kompyuta. Madaftari hayo hayafanani, wala hayapaswi kufanana kabisa. Mhandisi huonyesha skrubu ile ile mahali kumi tofauti katika mchoro. Mnunuzi huiandika mara moja tu: skrubu kumi. Rangi na gundi huenda zisionekane kabisa katika mchoro, lakini zisiponunuliwa kazi husimama. Mama wa nyumbani anaijua habari hii bila kwenda chuoni: mpishi hufikiri kwa sufuria, anayetumwa sokoni hufikiri kwa kilo na kwa shilingi, na kama wawili hao hawakusemezana, wageni watakula wali usio na chumvi.

Taabu kubwa huja pale kitu kinapobadilishwa. Kanuni ya viwanda ni nyepesi kuitamka: kipande kipya kisipoweza kushika nafasi ya cha zamani na kufanya kazi sawasawa na hicho, kipewe namba mpya, na madaftari yote yaarifiwe. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilionyesha gharama ya kuivunja. Swichi ya ufunguo katika magari kama Chevrolet Cobalt ilikuwa laini kupita kiasi. Ufunguo uliweza kuteleza gari likiwa katika mwendo, injini ikazimika, na ile mifuko ya hewa inayomkinga dereva isifumke wakati wa ajali. Mwezi wa Aprili 1906 haikuwapo gari hii, bali Aprili 2006 mhandisi aliidhinisha swichi iliyo imara zaidi, lakini namba ikaachwa ile ile ya zamani. Kuanzia hapo swichi mbaya na swichi njema zilikuwa kitu kimoja katika kila daftari. Waliochunguza ajali waliona magari ya miaka ya mwanzo yakiua na ya baadaye hayaui, na makaratasi yakiwaambia kwamba swichi haikubadilika. Ukweli ulijulikana mwaka 2013, pale mtaalamu aliyeajiriwa na wakili wa familia moja iliyofiwa alipozifungua swichi mbili zenye namba moja akaona vipande vya ndani havilingani. Magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa kurudishwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Wakubwa wengine nao wamejikwaa, ingawa kwa hasara ya fedha tu. Ndege ya Airbus A380 ina nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg na wenzao wa Toulouse walitumia matoleo tofauti ya programu ya kuchorea, na vipande vya ndege vilipokutana, nyaya zilionekana fupi. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda uliopangwa.

Majeshi yalilijua jambo hili mapema. Katika vita vya pili vya dunia, vikosi vya Marekani viliita kitu kile kile kwa majina mbalimbali. Bohari moja ikalalamika kwamba imeishiwa, na ya jirani imejaa. Mwaka 1952 sheria ilitungwa ili kila kitu kiwe na jina moja na namba moja. Leo namba ya mataifa ya NATO ina tarakimu 13: nne za aina ya kitu, mbili za nchi, saba za kitu chenyewe.

Kwetu Afrika ya Mashariki, kiwanda cha Thika, kilichoasisiwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, ni cha kuunganisha magari. Katika kazi ya namna hiyo vipande hufika katika makreti pamoja na orodha yake. Shirika la Nyumbu huko Kibaha, Tanzania, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, limejaribu kazi iliyo ngumu zaidi, kubuni gari lenyewe. Na abuniye gari hulazimika kubuni na namba zake.

Sasa turudi nyumbani. Nunua daftari dogo. Andika namba ya injini na ya fremu ya pikipiki. Ya fremu kwa kawaida hupigwa chumani penye shingo ya usukani. Kila kipuri kinunuliwapo, andika namba ya boksi, tarehe, duka na bei. Usikitupe cha zamani mpaka kipya kimefungwa na kujaribiwa, hasa cha breki. Boksi nalo laweza kusema uongo, kwa hiyo linganisha pia namba iliyo juu ya chuma chenyewe kama ipo. Na ukinakili namba ya fremu yenye tarakimu na herufi 17, fahamu kwamba herufi I, O na Q hazitumiwi humo. Ukiona umeandika O, futa uandike sifuri.