Nauli ya gunia ipigiwe hesabu, isipigiwe kelele



Nauli za kubeba mazao ni jambo ambalo kila mwaka baada ya mavuno huleta maneno makali baina ya wakulima na wenye malori. Mimi si mwenye lori wala sinunui mahindi. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini, katika Mkoa wa Njombe, na kwa kuwa nafundisha hesabu darasa la sita na la saba, wananchi wa pande zote mbili wamezoea kuniletea kauntabuku zao niwajumlishie. Niliyoyaona humo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kijiji chetu kilikuwa na malori matatu ya watu binafsi. Mawili sasa yamekaa juu ya mawe na majani yameota kwenye bodi. La tatu bado linatembea, lakini mwenyewe alilinunua kwa mkopo na nyumba yake ndiyo dhamana. Wapo wakulima wanaosema heri wafilisike, maana walitunyonya. Ndugu zangu, lori la mwisho likifa hapa kijijini, mlanguzi atakuja na lori lake kutoka mjini, na hapo yeye atapanga bei ya mahindi na bei ya kuyabeba, yote mawili kwa mdomo mmoja. Kwa hiyo hesabu ya mwenye lori ni hesabu yetu pia, tutake tusitake.

Wenye malori wengi hupiga hesabu hivi: nauli iliyopatikana, toa dizeli, toa posho ya dereva na utingo, toa wapakiaji, kinachobaki ni faida. Hebu tuiandike ubaoni. Nachukua Fuso lililotumika la tani 8, lenye tairi sita, na safari ya kilometa 150 kutoka kijijini hadi Makambako, sehemu udongo na sehemu lami. Bei nitakazotaja ni za mfano, kila mtu aweke za kwake. Lori likiwa na mzigo tuseme linakwenda kilometa 3 kwa lita moja, yaani lita 50. Likirudi tupu linakwenda kilometa 5, yaani lita 30. Jumla ni lita 80, na kwa shilingi 3,000 kila lita inakuwa 240,000. Dereva na utingo 80,000. Wapakiaji 40,000. Jumla ya fedha zilizotoka mfukoni ni 360,000. Magunia 80 kwa nauli ya shilingi 7,000 yameleta 560,000. Mwenye lori anabaki na 200,000, anafurahi, anachinja jogoo.

Lakini lori nalo limekula, ila halikudai siku hiyo. Tairi sita kwa shilingi 600,000 kila moja ni 3,600,000, na kwa barabara zetu tuseme zitamaliza kilometa 40,000. Gawanya, unapata shilingi 90 kwa kila kilometa, na safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 300, kwa hiyo tairi zimekula 27,000. Oili na filta kila kilometa 5,000 kwa shilingi 250,000, hiyo ni 15,000 kwa safari. Springi, breki, klachi na fundi, tuseme shilingi 150 kwa kilometa, ni 45,000. Hapo 200,000 imekuwa 113,000.

Bado kuna lori lenyewe. Alilinunua kwa 60,000,000. Tuseme atalitumia miaka sita kisha aliuze 12,000,000. Maana yake kila mwaka linapungua thamani kwa 8,000,000, hata kama limelala tu chini ya mwembe. Ongeza bima, leseni ya LATRA, ukaguzi na kodi, tuseme 2,000,000. Jumla ni 10,000,000 kwa mwaka. Fedha hii haijali kilometa, inajali idadi ya safari. Akipata safari 80 kwa mwaka, kila safari inabeba 125,000. Toa katika ile 113,000: amepata hasara ya shilingi 12,000. Akipata safari 40, kila moja inabeba 250,000, na hasara ni 137,000 kwa safari. Na riba ya mkopo sijaiweka, wala mwenyewe sijamhesabia mshahara.

Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Mwenye lori hana njaa, anavaa vizuri, watoto wanasoma. Ni kweli, kwa sababu ile 200,000 anaishika mkononi kila safari. Anachokula ni tairi za mwakani na injini ya mwaka kesho kutwa. Siku tairi zinapoisha zote kwa pamoja hana kitu, anakopa kwa riba au ananunua tairi zilizokwisha tumika, na hizo ndizo zinazopasuka mlimani.

Sasa nije kwenye dizeli, maana ndiyo inayopigiwa kelele. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya. Wasomaji wanakumbuka mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza mwezi Februari, bei ilivyopaa. Mwezi Agosti mwaka huo dizeli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,322 kwa lita, na hiyo ni baada ya Serikali kutia ruzuku ya shilingi bilioni 100. Huku kwetu, ambako mafuta huuzwa kwa dumu, ilikuwa zaidi. Mwenye lori aliyekuwa amepatana nauli ya msimu mzima mwezi Mei aliumia.

Lakini tuangalie hesabu yetu. Safari hutumia lita 80, na magunia ni 80. Kwa hiyo dizeli ikipanda shilingi 100 kwa lita, safari inaongezeka 8,000, nayo ni shilingi 100 tu kwa gunia. Ikipanda 500, nauli ingepanda 500. Mbona basi tunaongezewa 2,000 kwa gunia na kuambiwa ni dizeli? Na mbona dizeli ikishuka nauli haishuki hata senti? Wakulima wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba ile 1,500 inayozidi mara nyingi ni tairi na injini ambazo mwenye lori hakuzihesabu tangu mwanzo, sasa anazificha nyuma ya dizeli. Wengine ni tamaa tu, sikatai. Lakini kwa kuwa hasemi kweli, mkulima hamwamini hata anapodai haki yake.

Ushauri wangu ni nauli igawanywe mafungu mawili mbele ya mkutano wa kijiji. Fungu la kwanza ni la lori na watu wake, lisibadilike msimu mzima. Fungu la pili ni la dizeli, lifuate bei ya wilaya inayotangazwa kila mwezi, ikipanda lipande, ikishuka lishuke. Karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji. Hakuna haja ya mtaalamu, mtoto wa darasa la sita anaweza kuisoma.

Ili fungu hilo lisiwe la kubuni, mwenye lori ajue lori lake linakunywa kiasi gani. Wengi hawajui, wanaamini neno la dereva. Ajaze tangi pomoni, aandike namba ya kilometa, lifanye safari, kisha ajaze tena pomoni palepale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Afanye hivyo safari tatu mfululizo. Safari ya nne ikinywa lita 15 zaidi, ama kuna ubovu, ama kuna mtu anauza dizeli njiani kwa mpira na dumu.

Nisisahau lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, lakini kila mtu anajua yanayoshonwa, hasa ya viazi. Magunia 80 yenye kilo 125 ni tani 10. Mwenye lori amelipwa magunia 80, amebeba mzigo wa magunia 100, springi zimekatika, na kwenye mizani akatozwa. Mkulima naye amempa mnunuzi kilo 25 za bure. Hapa wote wawili wanaibiwa na mtu wa tatu, halafu wanagombana wao kwa wao.

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni lori kurudi tupu. Kama lile Fuso lingerudi na mifuko 75 ya mbolea kwa shilingi 2,000 kila mfuko, lingeingiza 150,000. Dizeli ya kurudi ingepanda kama lita 10, shilingi 30,000, na wapakiaji 20,000. Linabaki 100,000, na ile hasara ya 12,000 inageuka faida ya 88,000 bila kumwongezea mkulima hata senti moja kwenye gunia. Tatizo ni kwamba mahindi yetu huteremka kati ya Julai na Septemba, na mbolea tunaanza kuihangaikia mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua zinapokaribia. Malori hushuka na mzigo yakirudi matupu, kisha hushuka matupu kufuata mbolea, na sisi tunalipa safari zote nne. Vyama vya msingi na mawakala wa mbolea ya ruzuku wangeweka mzigo Makambako mwezi Agosti, lori lililopeleka mahindi kwenye maghala ya NFRA lingepakia mbolea siku hiyohiyo. Najua mkulima hana fedha kabla hajalipwa mahindi yake, kwa hiyo malipo ya mahindi nayo yasicheleweshwe. Ningependa kusikia kwa wasomaji wa Rukwa na Ruvuma kama kwao mbolea hufika wakati malori yangali yanateremka, na ni nani aliyeipanga.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Njombe.