Nusu Sekunde au Sekunde Tano?

Simu nyingi mikononi mwetu ni za Android, na chini ya Android kuna Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini chake, yaani kerneli, ndicho kinachogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuamrisha vifaa. Humo ndani, muda wa kusubiri mara nyingi huwekwa katika kigeu kinachoitwa timeout, basi. Muda wa kipimo gani? Pengine ni milisekunde, pengine nanosekunde, na pengine jiffies, yaani mapigo ya saa ya kerneli yenyewe. Mapigo hayo huwa 100, 250 au hata 1,000 kwa sekunde, kutegemea jinsi kerneli ilivyoundwa. Mtu akiandika 500 akidhani ni milisekunde, kumbe fanksheni inahesabu mapigo, penye mapigo 1,000 atapata nusu sekunde aliyoitaka. Penye 250 atasubiri sekunde 2, na penye 100 sekunde 5. Ubaya wake ni kwamba kwenye mashine yake mwenyewe kosa huenda lisionekane kabisa. Kompaila ya lugha ya C nayo haitamwonya, kwani kwake namba ni namba. Hapo mlinzi aliyebaki ni jina: timeout_ms au timeout_jiffies.

Wapo wanaolalamika kwamba majina marefu huchosha macho. Si uongo, mwongozo wa uandishi wa Linux wenyewe unaridhia kihesabio kidogo cha ndani kiitwe i, na sioni haja ya kukibatiza upya. Mwongozo huo pia unakejeli desturi ya kupachika aina ya data kwenye jina, kwa hoja kwamba kompaila inaijua tayari. Hoja hiyo ndiyo inayonipa nguvu, maana kipimo kompaila haikijui. Maelezo ya pembeni nayo hayatoshi: hubaki pale kigeu kilipotangazwa, ilhali jina huenda nacho kila kinapotumika.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Kubadili majina ya zamani huvuruga historia ya msimbo, na hufanya marekebisho ya usalama yawe magumu kupelekwa kwenye matoleo yaliyotangulia. Kwa hiyo sidai fagio la jumla. Msimbo mpya, hata hivyo, hauna kisingizio hicho: mkaguzi akikuta timeout isiyotaja kipimo, airudishe kwa mwandishi.