Figo Mpya Ilindwe Hadi Visiwani

Mwezi Novemba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kabla ya hapo mgonjwa hakuwa na budi kupelekwa ng'ambo, hasa India, kwa gharama kubwa. Hayo ni mafanikio ambayo kila mwananchi ana haki ya kujivunia.

Hata hivyo, kazi haiishi mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji. Miongoni mwa waliopandikizwa figo wako ambao hawakuwa na kisukari hapo awali, nao hukipata baadaye. Kisukari hicho huongeza maradhi ya moyo na maambukizo, na chaweza kuidhuru hiyo hiyo figo mpya.

Yafaa chanzo chake kieleweke. Mwili hukiona kiungo cha mtu mwingine kuwa ni adui na kukishambulia. Kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kumeza dawa za kuutuliza kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Mojawapo, takrolimasi, hulipunguzia kongosho uwezo wa kutoa insulini, kuliko ifanyavyo siklosporini iliyoitangulia. Nyingine, prednisoloni, huufanya mwili usiitii insulini, na tena huzidisha hamu ya chakula. Nayo figo mpya huiondoa insulini mwilini upesi kuliko figo iliyokwisha kuharibika. Hivyo mtu ambaye sukari yake ilionekana shwari kabla ya upasuaji aweza kushangazwa na vipimo vya baadaye.

Si wote walio katika hatari sawa. Waliopita umri wa miaka 45, na wale ambao wazazi au ndugu zao wana kisukari, huhitaji uangalizi zaidi. Utafiti wa Marekani umeonyesha pia kuwa wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi. Umri na ukoo havibadiliki. Lakini yako mengine yawezayo kushughulikiwa mapema: unene wa kupindukia, sukari iliyokwisha kupanda kidogo, na homa ya ini aina ya C, ambayo siku hizi hutibika kwa vidonge. Na kwa kuwa figo hutolewa na ndugu aliye hai, ukoo wenye kisukari wamhusu mtoaji pia; naye aendelee kupimwa.

Asitokee mtu akayachukua maneno haya kuwa ruhusa ya kupunguza au kuacha dawa kwa kuogopa sukari. Anayeacha dawa huipoteza figo. Kubadili dawa au kipimo chake ni kazi ya daktari peke yake. Kazi ya mgonjwa na jamaa zake ni kumeza dawa kwa saa zake, kupunguza chai ya sukari nyingi, maandazi na sinia la wali wa nazi, kutembea kila siku, na kupima sukari.

Hapo ndipo penye wajibu wa viongozi. Mkazi wa Songo Songo au Songo Mnara huvuka bahari kwanza, ndipo aianze barabara ya kilometa zipatazo 300 kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam. Hatuwezi kumtaka afunge safari hiyo kila anapohitaji tone moja la damu lipimwe. Zahanati ya kisiwani na hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ndizo ngome zake. Halmashauri ya Wilaya ihakikishe kuwa vipima sukari na vifaa vyake havikosekani humo, na Muhimbili na Dodoma zimrudishe mgonjwa na maandishi yanayoeleza dawa zake na lini apimwe. Wauguzi nao wakumbuke kuwa prednisoloni inayomezwa asubuhi huipandisha sukari mchana na jioni. Kupima asubuhi tu kabla ya kula kwaweza kuuficha ugonjwa.

Gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ni haki kwamba manufaa ya hospitali kubwa nayo yarejee hadi kisiwani.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kuizunguka redio, wakajifunza kujikinga na malaria na kichocho. Ari ile ile yahitajika leo dhidi ya kisukari. Figo aliyoitoa ndugu ni amana. Aliyeipokea, jamaa zake, mganga wa zahanati na Halmashauri, wote wana dhamana ya kuitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukianguka, huenda asipatikane ndugu wa pili wa kuujenga.