Baa za vijijini England: Wateja wa wikiendi wapo, mbona zinafungwa?

Anayetembea Pennine Way, njia ya miguu ya takriban kilomita 430 kaskazini mwa England, kwa desturi huanzia baa na kumalizia baa. Huondoka Old Nag's Head, kijijini Edale, na kufika Border Hotel, Kirk Yetholm, ng'ambo ya mpaka wa Scotland. Katikati kuna Tan Hill Inn, baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 kutoka usawa wa bahari.

Ukizipita Jumamosi ya Julai, utadhani biashara ni moto. Kumbe hali si shwari. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki takriban 45,000.

Tatizo liko wapi?

Mtembeaji huja jua likiwaka. Anakula, anashushia bia moja, anaondoka. Jumanne ya Januari, mvua ikinyesha, meza ziko tupu ila bili ya umeme na mishahara viko palepale. Bia ya supamaketi nayo ni nafuu zaidi.

Aprili 2025 mzigo uliongezeka. Mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, huku punguzo la kodi ya majengo ya biashara kwa baa za England likishuka kutoka asilimia 75 hadi 40.

Wanakijiji wanapoteza nini?

Pale ambapo duka na posta vilishafungwa, baa ndiyo sehemu pekee iliyobaki ya watu kukutana. Ikiuzwa na kugeuzwa nyumba ya kuishi, ni nadra kurudi.

Wapo waliogoma kukaa kimya. Mwaka 2003 wakazi wa Hesket Newmarket, Cumbria, waliinunua Old Crown kupitia ushirika wao. Sheria ya mwaka 2011 nayo iliwapa wanakijiji hadi miezi sita ya kusaka pesa, baa iliyosajiliwa kuwa muhimu kwa jamii inapotangazwa kuuzwa. Lakini haikumlazimisha mmiliki kuwauzia wao.

Kwa hiyo watalii wanasaidia, ila hawatoshi. Baa ya kijiji hubaki hai pale wenyeji wanapoingia hata Jumanne ya mvua.