Durban Haianzi Ufukweni

Ni mazoea ya miji ya pwani kumpokea mgeni kwa kumwonyesha bahari. Durban, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, hufanya vivyo hivyo. Mgeni mwenye siku moja tu hupelekwa ufukweni, huonyeshwa mahoteli marefu na uwanja wa mpira wa Moses Mabhida uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, kisha huambiwa kwamba mji amekwisha uona. Ukweli ni kwamba ameishia barazani, nyumbani hajaingia.

Anayetaka kuijua Durban hana budi kuamka alfajiri aende Warwick, mahali zinapokutana reli, mabasi na teksi za abiria. Mamia ya maelfu ya watu hupita hapo kila siku, na maelfu ya wachuuzi hupata riziki kwao. Wapo wachemshao vichwa vya ng'ombe, wapo wauzao shanga, mahindi na mboga. Na juu ya barabara ya juu ambayo ujenzi wake haukumalizwa, wametandaza bidhaa zao wauza mitishamba. Hapo ndipo lilipo Soko la Alfajiri, lililoanzishwa mwaka 1910, ambalo historia yake imefungamana na wakulima wa asili ya Kihindi, wazao wa vibarua walioanza kuletwa kwa mkataba mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa.

Soko hilo lilikaribia kutoweka. Mwaka 2009 Halmashauri ya Jiji ilitaka libomolewe ili pajengwe jumba kubwa la maduka. Wachuuzi walikataa, wakaandamana, shauri likafika mahakamani, na hatimaye soko likabaki. Waliotetea mpango huo walisema ni maendeleo. Lakini maendeleo ya nani? Kwamba jumba la maduka huleta ajira, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mama anayenunua gunia la viazi alfajiri na kuyauza kwa mafungu hana uwezo wa kulipa kodi ya pango humo. Kumwondoa mtu huyo ili mji upendeze machoni pa wageni ni sawa na kumfukuza mwenye nyumba kwa heshima ya mgeni.

Kuondolewa mjini si jambo geni kwa wanyonge wa Durban. Mchana, mgeni aingie katika Makumbusho ya KwaMuhle, jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi za idara iliyowasimamia Waafrika kwa vipande na vibali. Sheria ya Natal ya mwaka 1908 iliziwezesha halmashauri kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya kienyeji. Wanawake waliopika pombe walikamatwa, na faida ikagharamia utawala uleule uliowabana. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor walivivamia vilabu hivyo vya pombe kwa hasira.

Watu wa Afrika Mashariki nao wana sehemu yao katika historia hiyo. Tangu mwaka 1873 watumwa waliokombolewa baharini, wengi wao Wamakua, walipelekwa Durban kutoka Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Makazi yao ya Bluff yalivunjwa kwa sheria za Makaburu, nao wakahamishiwa Chatsworth katika miaka ya 1960.

Baada ya hayo, jioni, mgeni na aende ufukweni. Ubaguzi uliogawa hata maji ya bahari kwa rangi ulikomeshwa huko mwaka 1989, na leo watoto wa kila rangi huoga pamoja. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini haki ya kukaa mchangani haitoshi kwa mtu asiye na hakika ya mahali pa kupanga nyanya zake kesho. Yafaa wageni waanzie sokoni na fedha zao zianzie huko. Na wenye mamlaka ya miji, Durban na kwingineko, hawana budi kuwahesabu wachuuzi kuwa wajenzi wa mji, wala si uchafu wa kufagiliwa mgeni anapobisha hodi.