Kuangalia ndege si kazi ya wazungu peke yao

Sisi wa familia za wachimbaji, tukisikia "kutembelea parki" tunawaza dola. Na tuko na haki. Ng'ambo, Rwanda, tangu 2017 mgeni analipa dola 1,500 kuona gorila. Huku kwetu Virunga, parki ya tangu 1925, iliingia mu 1996 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji na matete yenye kulindwa. Lakini kwenda Vitshumbi leo kuona pelikani, nani atakuambia njia iko salama? Basi siku ya yenga tunabaki nyumbani, ao feza inaishia mu bar.

Sisi tunasema ndege hawako mbali. Fuata ukando wa Kivu, ao panda moto njia ya Sake, ushukie Lac Vert, lile ziwa la kijani lililokaa ndani ya kreta. Bei patana mbele ya kupanda! Kwenye ukando utamuona mdiria mweusi-mweupe: anasimama hewani akipiga mabawa, halafu anaanguka mu maji kama jiwe. Mnandi naye anatandaza mabawa kwa jua, sababu manyoya yake yanalowa. Kuanzia mwezi wa 10, mbayuwayu wanafika kutoka Ulaya, na hawaombi jeton kwa mpaka. Bidoni ya maji, mkate, sambaza kidogo, ndiyo gharama yote. Darubini si lazima, watoto wako na macho.

Jambo moja tusilichezee: mazuku. Pale Mugunga na Lac Vert gazi karboniki inatoka chini ya mawe ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo, zaidi usiku na alfajiri mbele upepo haujaamka. Mtoto ni mfupi, yeye ndiye anaivuta kwanza. Kwa hiyo ngojeni jua lipande, mkae pa juu, msishuke bondeni hata kama pako kivuli kizuri. Papa aliyezoea kushuka mu shimo anajua: mshumaa ukizimika, unapanda bila kuuliza. Ndege ao mbuzi aliyekufa bila kidonda ni alama ileile. Uingereza, kuanzia 1911 mpaka 1986, wachimbaji wa makaa walishuka na kanari ndani ya kitundu, sababu ndege mdogo anaanguka mbele ya mtu. Undugu wetu na ndege si wa leo.

Ndiyo maana tunaomba wakubwa wa mji vitu viwili. Vibao vya mazuku viwekwe pa kuonekana, vyenye Kiswahili, si Kifaransa tu. Na matete ya ukando yasigeuzwe parcelle. Sisi tunaosafisha koltani tunajua vizuri maji ya udongo yanavyokuwa. Matete ndiyo yanashika huo udongo mbele haujafika ziwani, na sambaza wadogo wanakulia karibu na ukando. Mwenye kuuza matete anauza na chakula cha wenzake, hata kama karatasi zake ziko na muhuri.

Wakati tunangoja jibu, salongo moja ya kutosha masashe mu matete, watoto wakiwa pembeni wanahesabu yangeyange, haiombi dola ya mtu.