Diski Ikianza Kugonga, Sauti za Nani Zinakufa?

 Leo naomba nichokoze mada. Kila mwaka wengi wetu tunakata tiketi ya nyumbani kwenda "kukusanya data". Tunakaa barazani na wazee, tunarekodi, tunapiga picha madaftari na barua za zamani, kisha tunarudi Ughaibuni na vyote hivyo ndani ya diski moja ya nje inayoenea mfukoni. Tunaiita "data yangu". Mimi nasema si yako peke yako. Mtu asipoacha nakala kule alikorekodi, utafiti wake haujaisha, hata kama ameshavaa joho na kupiga picha za mahafali.

Sababu ninazo. Hapa Hounslow tunakaa wanafunzi watano nyumba moja, na mwenzetu mmoja ni dada wa Kipemba aliyekwenda kwao kurekodi mafundi wa majahazi na manahodha wa zamani: majina ya pepo, ya mbao, ya tanga, na safari zao. Usiku mmoja diski yake ikaanza kulia tik, tik, tik. Jamani, kila mtu akawa daktari! Mmoja kasema itie kwenye friza. Mwingine kasema ipige kidogo ubavuni. Ikachomekwa, ikachomolewa, ikachomekwa tena mpaka alfajiri. Kesho yake fundi mmoja wa simu akaifungua kwa bisibisi hapo hapo juu ya kaunta, akamrudishia: imekufa. Wataalamu walipoiona baadaye walisema sahani zimeparuzwa, wakaokoa picha chache tu. Na nahodha mmoja kati ya wale waliorekodiwa alikuwa ameshafariki. Huyo utamrekodi wapi tena?

Tuelewane diski ilivyo. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Sauti ile ya kugonga mara nyingi ni vichwa vinavyotafuta mahali pa kusoma na kupakosa. Kila ukiiwasha, kichwa kibovu kinaweza kuzidi kuparuza, na kilichoparuzwa hakirudishwi na programu wala pesa. Friza nayo inaleta unyevu, basi.

Anayebisha aangalie chombo cha anga cha Columbia. Kilivunjika angani tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga wote 7 wakafa. Kati ya mabaki yaliyookotwa Texas ilikuwamo diski moja, imeungua na kuingia vumbi. Kampuni ya Kroll Ontrack ikatoa karibu asilimia 99 ya data yake, na matokeo ya jaribio lile la kisayansi yakachapishwa mwaka 2008. Iliponaje? Sababu kubwa ni kwamba mikwaruzo iliangukia sehemu za sahani ambazo hazikuwa zimeandikwa data. Diski iliyoanguka kutoka mbinguni ikapona, na ya kwetu ikafia mezani kwa kuwashwa-washwa.

Kwa hiyo, ikigonga: zima, chomoa, acha. Wapelekee wenye chumba kisicho na vumbi. Utalipa mamia ya pauni, yaani wikiendi nyingi za kubeba boksi. Ikiwa haigongi ila imekuwa nzito na mafaili yanakwama, usiendeshe chkdsk, na usiweke programu ya kuokoa humo humo, maana zote zinaandika juu ya mgonjwa. Tafuta diski nyingine kubwa zaidi, uinakili yote kwa ddrescue, programu ya bure ambayo husoma kwanza sehemu nzima ndipo irudie zilizo mbovu. Halafu uokoaji wote ufanyie kwenye ile nakala. Na zile diski mpya zisizozunguka zisikudanganye: hazigongi, lakini zinaweza kuzima ghafla bila hata kukuaga.

Lakini hiyo yote ni huduma ya kwanza. Unajua kilichopona katika kazi ya yule dada? Rekodi tatu, na hazikutoka kwa fundi yeyote. Mjukuu wa mzee mmoja kule Wete alimwomba sauti ya babu yake, akamtilia kwenye flashi kama zawadi. Zawadi ile ndiyo iliyookoa sura moja ya tasnifu.

Wakubwa wanalijua hili. Mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, ndio uliosaidia kupiga picha hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu. Sharti lao ni kwamba hati asilia haziondoki nchini, na nakala inabaki huko huko. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zikavurugika kwa miezi. Kama maktaba kubwa kama ile inalala chini, itakuwa diski yako iliyo chini ya godoro Hounslow?

Najua mtaniambia wingu lipo. Sawa, litumieni. Ila kumbukeni akaunti ya chuo kwa kawaida hufungwa ukishamaliza, na ukifuta faili kwenye laptopu iliyounganishwa, hufutika na huko juu pia.

Wengine watasema kamati ya maadili hairuhusu. Hoja hii naiheshimu. Mahojiano ya ugonjwa au siasa usiyagawe ovyo. Lakini kumpa mzee sauti yake mwenyewe, akitaka, ni jambo la kuandika mapema kwenye fomu ya ridhaa kabla hujapanda ndege. Yasiyo na siri, na wenyewe wakikubali, peleka pia penye watunzaji: Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, au chuo kikuu kilicho karibu.

Kanuni ya mafundi ni nakala 3, vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumbani kwako. Kwetu sisi ile ya mbali ina kwao: ni kule ilikotoka. Basi unayesafiri likizo hii, tia diski mbili kwenye begi. Moja utarudi nayo. Ya pili usirudi nayo.